Nani Kawaambia Wimbi Limepotea?

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nimekuja kugombana. Nagombana na hadithi moja ambayo wengi wetu tunaipenda, tunaiiga, na tukiulizwa tunasema eti ndiyo fasihi ya kisasa.

Hadithi yenyewe mnaijua. Vijana wawili au watatu wanafunga mbao zao za kutelezea mawimbini juu ya gari. Wanaifuata barabara ya pwani wiki nzima, mwezi mzima, wakitafuta mahali wimbi linapoumuka vizuri. Gari linazama mchangani. Tairi zinapasuka. Mmoja anaharisha, mwingine anapigwa na jua mpaka ngozi inabanduka. Polisi wanawasimamisha kila baada ya maili mbili. Mwisho, taabu zote zikiisha, wanapanda kichuguu cha mchanga na loo! Wimbi lile pale, safi, halina mwenyewe. Wanalipa jina. Wanarudi kwao kuandika.

Hilo neno "halina mwenyewe" ndilo linalonichoma. Na neno la pili, pacha wake, ni "kugundua". Nasema maneno hayo mawili tuyasimamishe mlangoni, tuyapekue mifukoni, kabla hayajaingia kwenye riwaya zetu.

Mama wa hadithi hizi ni filamu moja ya Marekani iitwayo The Endless Summer, iliyosambazwa mwaka 1966. Aliyeitengeneza ni Bruce Brown, na vijana wake wawili wa California ni Robert August na Mike Hynson. Wanalifuata jua la kiangazi kuizunguka dunia: Senegali, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, kisha Australia, New Zealand, Tahiti na Hawaii. Filamu ni tamu, sikatai. Lile wimbi la Cape St. Francis ukiliona hutalisahau. Lakini angalieni namna Afrika Magharibi inavyosimuliwa humo: kana kwamba mchezo wa mawimbi unashuka pwani zile kwa mara ya kwanza siku ile wageni walipoteremsha mbao zao.

Uongo huo una umri mkubwa. Katika miaka ya 1640 Mjerumani mmoja, Michael Hemmersam, alieleza jinsi watoto wa Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, walivyofungwa kwenye vibao na kutupwa majini wajifunze bahari. Katika miaka ya 1830 Mskoti James Alexander alikuwa Accra, akaandika kwamba aliwaona wavulana wakiogelea na vibao vyepesi chini ya matumbo yao, wakilisubiri wimbi na kurudi nalo ufukweni. Zaidi ya miaka mia moja kabla ya ile filamu! Wala hao watoto hawakugundua kitu. Walikuwa wanacheza nyumbani kwao.

Na Afrika Kusini je? Miaka ile ile ambayo vijana wa California walikuwa wanateleza pale kwa raha zao, sheria ya nchi ilikuwa inagawa fukwe kwa rangi ya ngozi. Mtoto mweusi aliyezaliwa karibu na wimbi lile hakuwa na ruhusa ya kuchezea anapotaka. Mwaka 1964 Nelson Mandela anahukumiwa kifungo cha maisha na kupelekwa Robben Island, ambako bahari ilikuwa ukuta wa gereza. Nchi moja, hadithi mbili. Iliyozunguka dunia ni ile ya mbao.

Najua mtasema: hayo ni ya Ghana na Afrika Kusini, sisi yanatuhusu nini? Haya, turudi kwetu, kwenye barabara ya Kusini.

Mwezi Julai mwaka 2023 nilipata kibarua cha ukalimani. Wageni wawili walikuwa na gari la kukodi na mbao tatu juu yake, wanataka kushuka kutoka Dar es Salaam mpaka Mtwara wakitafuta wimbi. Tukapita Mbagala, Kibiti, Ikwiriri, tukavuka Rufiji, Somanga, Nangurukuru, Kilwa, Lindi, Mikindani. Siku tisa. Kila tulipoona njia inayoelekea baharini tuliingia, na kila tulipoingia tulinasa kwenye mchanga. Nimesukuma gari lile mpaka mabega yakaota sugu. Pancha nne. Siku ya tatu maji ya kunywa yaliisha, tukanunua madafu ya kutosha kijiji kizima. Na kila tulipoufikia ufuko, bahari ilikuwa imelala kama maji ya beseni.

Wageni walikasirika, kana kwamba bahari imewavunjia miadi. Lakini bahari yetu ina sababu zake. Kwanza, kuna mwamba wa matumbawe unaoifuata pwani kwa sehemu kubwa. Wimbi likija linavunjikia huko nje, na linaloufikia ufuko ni povu la kuoshea miguu tu. Pili, mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi huzaliwa na dhoruba za mbali sana kusini, na sisi mbele yetu amekaa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, anatukinga kama ukuta wa ua. Ndiyo maana kule Malindi, Kenya, mambo ni tofauti. Mto Sabaki unamwaga tope na maji yasiyo na chumvi, matumbawe hayapendi tope, kwa hiyo mwamba umeacha nafasi pale, na kusi ikivuma mawimbi yanaingia moja kwa moja mpaka mchangani. Hayo siyo siri. Mvuvi yeyote atakueleza, na wala hatakutoza.

Siku ya sita, kusini ya Kilwa, nikawaambia wageni wangu: jamani, mbona hatuulizi? Tukamkuta mzee anashona tanga chini ya mkungu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Hawa wageni wanatafuta nini na magodoro yao?"

"Siyo magodoro, babu, ni mbao. Wanatafuta wimbi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wimbi? Mimi miaka hamsini nalikwepa, wao wanalifuata?" Halafu akaacha kucheka, akaichukua shida yao kama fundi anavyoichukua kazi. Akasema leo hapana, ni maji mafu. Wangoje bamvua, siku mbili tatu tu. Waende alfajiri, umande ukiwa bado unatoka nchi kavu, kabla kusi haijakaza. Atawapeleka yeye mwenyewe kwa ngalawa mpaka kwenye mlango wa mwamba, maana pale ndipo wimbi linaposimama wima bila kuvunjika ovyo.

Kwa maneno yasiyozidi dakika mbili mzee yule alikuwa amefanya kazi iliyowashinda wageni kwa siku sita na mapipa ya mafuta.

Na ikawa hivyo hivyo. Tukangoja, tukaenda alfajiri, wakateleza. Nami naapa ilikuwa inapendeza. Mtu kusimama juu ya maji yanayokimbia, jua linachomoza nyuma yake, we acha tu. Maji yalipoanza kupwa, mmoja akakwaruza mguu kwenye mwamba, damu ikamtoka, mzee akamvuta ndani ya ngalawa na kumfunga kwa kitambaa cha kilemba chake. Tuliporudi ufukweni mwamba ulikuwa umeanza kuota, na akina mama walishajaa juu yake na vyuma vyao wakitafuta pweza. Kama thelathini hivi. Wanaimba, wanasutana, watoto wanawafuata nyuma na vikapu.

Mwaka uliofuata nikaletewa nakala ya gazeti la kwao lenye habari ya safari ile. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilitosha kuniumiza. Ufuko ule, kwa mujibu wa gazeti, ulikuwa mtupu. Akina mama thelathini na nyimbo zao walikuwa wamefutwa kama chaki. Mzee alikuwemo, tena kwa sentensi moja: mvuvi mkimya. Yule mzee! Aliyetusimulia mpaka usiku wa manane jinsi baba yake alivyopeleka mikoko Arabuni! Mimi nilikuwa kijana wa kusukuma gari. Na ule mlango wa mwamba, ambao una jina, jina la nahodha aliyezama pale zamani, ulikuwa umepewa jina la mtaa wa kwao wageni. Jina lake la kweli mzee alinitajia. Sitaliandika hapa. Anayelitaka aende akaulize, na aanze na shikamoo.

Sisemi wageni wale walikuwa watu wabaya. Walinilipa, na gazeti wakanikumbuka. Nasema hadithi waliyokuja nayo kichwani ilikuwa imeshaandikwa kabla hawajapanda ndege. Ilihitaji ufuko mtupu, basi wakauona mtupu. Hadithi mbovu inapofusha hata macho mazima.

Si kila msafiri ni hivyo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, naye alitoka mbali zaidi, tena alipandwa na taabu za bahari kuliko pancha nne. Lakini ukisoma habari zake unamkuta Sultani Hasan kwa jina lake, na lakabu yake ya ukarimu, Abul-Mawahib, baba wa vipaji. Alikuta mji, akaandika mji. Miaka zaidi ya mia tano baadaye, 1866, Livingstone akaanza safari yake ya mwisho hapo hapo Mikindani, na mpaka leo ukimtaja Mikindani kwa mgeni, atakutajia Livingstone. Waliombebea mizigo nani anawataja? Kumbe kazi ya kufuta watu haikuanza na mbao za mawimbi. Mbao ni mtindo mpya wa kanzu ya zamani.

Sasa nije kwenye hizo taabu za njia, maana ndizo zinazoipa hadithi ya wimbi chumvi yake. Taabu ya barabara ya Kusini ni ya nani? Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, karibu mita 970 juu ya Rufiji, watu walivuka kwa pantoni, na masika ikikaza Lindi na Mtwara zilikuwa kama visiwa. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kilikaa miaka mingi bila lami, na mabasi yakazama humo. Halafu Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vikaikata barabara wilayani Kilwa, maeneo ya Somanga na Mikereng'ende. Kusini ikatengwa tena na Dar.

Shangazi yangu alikuwa ndani ya basi mojawapo, anatoka Lindi na ndoo mbili za ng'onda. Alilala njiani siku mbili. Basi mnadhani alisimulia nini alipofika? Alisimulia bwana harusi aliyekuwa nao, anayetakiwa Temeke Jumamosi, jinsi alivyovaa suti yake Jumamosi hiyo saa nane mchana hapo hapo kwenye tope kwa uchungu, na abiria wakampigia vigelegele. Alisimulia mayai ya kuchemsha yalivyopanda bei kila saa mpaka mama mmoja akamnyang'anya muuzaji ndoo, akauza yeye kwa bei ya zamani na kumrudishia hela yake yote. Shangazi alisimulia huku anacheka na kulia kwa pamoja. Ng'onda zake zilioza.

Nikasema: hii ndiyo riwaya yangu. Nikaandika kurasa mia na arobaini kwa mkono, nikapigisha chapa, nikapeleka kwa mchapishaji mmoja. Simtaji. Akanirudishia na ushauri: imekaa vizuri, kijana, ila haina msisimko. Watu wamekaa tu kwenye basi. Ungeweka mtalii mmoja.

Ungeweka mtalii mmoja! Yaani gari la wageni wawili likinasa mchangani ni msisimko, basi la watu sitini likinasa topeni ni "wamekaa tu". Taabu ya kujitafutia ni ushujaa, taabu ya kuletewa ni kawaida. Mchapishaji huyo ni Mswahili mwenzangu, kakulia uswahilini kama mimi. Hadithi ile imempofusha na yeye.

Na sisi je? Katika kikundi chetu cha wanaoandika, hapa Temeke, tuko saba. Mwaka huu tumesomeana hadithi kumi na moja. Nne kati yake zina kijana wa mjini anayekwenda ufuko "usiofikiwa na mtu". Ufuko upi huo, washikaji? Kutoka Vanga mpaka Msimbati nitajieni ufuko ambao hauna mtu anayejua lini maji yanajaa na lini yanakupwa. Nne katika kumi na moja, tena zimeandikwa na watoto wa wavuvi!

Lakini ugomvi wangu una upande wa pili, na hapa baadhi yenu mliokuwa mnanipigia makofi mtaacha. Wapo wenzangu ambao dawa yao ni kuandika mateso matupu. Basi linakwama, mgonjwa anafia njiani, serikali inalaumiwa, mwisho. Hao wanadhani wameipindua hadithi ya wimbi. Wapi! Wameikamilisha. Maana hadithi ile inasema hivi: mgeni anaruhusiwa kutafuta wimbi, mwenyeji anaruhusiwa kutafuta hospitali tu. Mgeni ana hamu, mwenyeji ana shida. Ukiandika mwenyeji mwenye shida peke yake, umetia saini mkataba ule ule.

Niwaambie kwa nini hadithi ya wimbi ina nguvu, ili tujue tunapigana na nani. Ina nguvu kwa sababu shujaa wake anataka kitu kisicho na faida. Wimbi haliliwi, haliuzwi, halijengi nyumba. Linadumu nukta chache na kufa. Na mtu yuko tayari kusukuma gari siku tisa kwa ajili yake. Hiyo ni hamu ya binadamu, na msomaji yeyote, awe Tandale awe California, anaitambua. Sasa nani kasema hamu hiyo si yetu?

Nendeni Coco Beach Jumapili jioni, kusi ikivuma, mkawaone watoto na mipira ya ndani ya magari, wanavyorudi majini mara ishirini huku wanatetemeka kwa baridi. Wanafuata nini kama si wimbi? Nimemwona mtoto Kunduchi na kipande cha ubao wa ngalawa iliyovunjika, analala juu yake kifudifudi na kuingia nacho mpaka mchangani, hana habari na filamu yoyote. Na kule Dakar, kwenye mawimbi ya Ngor ambayo ile filamu ilipita, alikuja kuinuka Khadjou Sambe, binti wa Kilebu, anayetambulika kama mwanamke wa kwanza wa Senegali kuteleza mawimbini kama kazi. Hakugundua wimbi. Alikua nalo, akalitaka, akalipanda.

Yule bwana harusi wa kwenye tope naye ni ndugu yao. Suti ile mchana ule haikuwa na faida yoyote. Hakukuwa na bibi harusi, hakukuwa na sheikh. Aliivaa kwa sababu aliitaka Jumamosi yake. Ndiye shujaa wangu, na sitamwekea mtalii.

Kwa hiyo ninachodai ni haki mbili kwa pamoja. Barabara yetu iandikwe na majina yake: Muhoro, Nangurukuru, Mchinga, iandikwe na pantoni zake, na madaraja yake yaliyokatika, na ni nani aliyelala pale. Na humo humo watu wetu waruhusiwe kutaka mambo ya kipuuzi. Utingo atake kuona nyangumi. Mama wa pweza atake kwenda siku moja mpaka ule mlango wa mwamba, si kwa pweza, kwa kutazama tu jinsi wimbi linavyosimama. Mwandishi anayempa mama huyo safari hiyo, na taabu zake zote za njiani, na akampa jina, huyo nitamsoma hata akiandika kwenye karatasi ya maandazi.

Nami muswada wangu naupeleka kwa mchapishaji mwingine mwezi ujao, kurasa zote mia na arobaini, abiria wote sitini, bila kuongeza mtu.

Anayebisha, kurasa ndizo hizi, aje. Ila asije na "ufuko mtupu". Nitamwuliza ufuko gani, mwezi gani, na maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa.